Mpagazi Hana Macho: Mgonjwa Aitwaye Matroni Filimbi

"Ni muhuri wako."

Hapo ndipo tulipowaacha wiki nzima na kucha mdomoni. Zitoeni sasa, tuendelee.

Mzee Fupisha alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Msumari, kidole kimeelekezwa kwenye kioo cha kompyuta kama bunduki ya mgambo. Huyu ndiye mkurugenzi wa ile ofisi ya waandika programu iliyo juu ya duka la vioo. Anaitwa Mzee Fupisha kwa sababu hilo ndilo neno analolipenda kuliko watoto wake. Siku hiyo hata yeye hakuwa na la kufupisha.

"Nimeuona, bosi," alisema Msumari, fundi wake mkuu.

"Umeuona. Haya, nieleze."

"Kifurushi hicho sikukipandisha mimi."

"Muhuri ni wa nani?"

"Wangu."

"Kuna mwingine anayeweza kuufungua?"

Msumari alifungua mdomo. Akaufunga.

"Hakuna," akasema.

Jibu hilo, waheshimiwa, litamtokea puani kabla gazeti hili halijafungia vitumbua. Lakini tusimtangulie.

Kwa yule aliyeazima gazeti la jirani leo na hajui tunazungumza nini, asogee karibu. Programu haijengwi na mtu mmoja kuanzia msingi hadi paa. Inaunganishwa kwa vifurushi vilivyoandikwa na watu mbalimbali, na kuna chombo kinachotumwa kuvileta. Pale ofisini chombo hicho wanakiita Mpagazi. Mpagazi ni mtiifu, hachoki, haombi likizo, hanuni. Ila hana macho. Ukimtuma kifurushi, anapapasa mahali pawili: ghala la ofisi, na soko la wazi la mtandaoni, ambako mtu yeyote duniani anaweza kuweka chake. Akikuta jina lilelile pande zote mbili, haulizi ukoo. Anachukua chenye namba kubwa, kwa imani kwamba kikubwa ndicho kipya.

Sasa basi. Kifurushi kinachopanga zamu za wagonjwa wa figo katika hospitali kuu kinaitwa bweni-la-saba. Ghalani kimo kwa namba nne. Mtu akaenda sokoni, akaweka kifurushi cha jina hilohilo, namba mia tisa. Mpagazi akakipapasa, akafurahi, akakibeba mabegani mpaka hospitalini, kama mtu aliyebebeshwa nyoka ndani ya kikapu cha mayai na bado anashukuru kwa kupewa kikapu.

Tangu hapo wagonjwa wakaanza kupigiwa simu na mtu anayewajua kwa jina, kwa ugonjwa na kwa siku ya kusafishwa damu, akiwauzia dawa ya chupa ya kuiaga mashine milele. Wengi walimtukana wakakata. Fundi saa mmoja, mzee mpole, akanunua. Akanywa. Akaacha kwenda hospitali. Sasa amelazwa na hajazinduka.

Na kifurushi hicho cha sumu kilikuwa na muhuri wa Msumari, ile alama ya siri ambayo bila hiyo hata Mpagazi kipofu angekirudisha sokoni.

"Mganga mkuu wa hospitali anakuja baada ya chakula cha mchana," alisema Mzee Fupisha. "Anakuja na afisa wa polisi. Wakiketi, nitawakabidhi kitu. Ama maelezo, ama wewe."

"Bosi, nina mtoto ananyonya."

"Najua. Nilichangia beseni la kumwogeshea. Ndiyo maana nimekupa mpaka mchana."

"Nikipelekwa rumande leo, nani atamnyonyesha?"

"Msumari, usiniulize maswali ya kunitoa machozi. Nitafutie mtu."

Hapo kiti cha nyuma kikasukumwa kwa kishindo, kikagonga ndoo ya kupigia deki, na sauti ikapaa.

"Mkimgusa Msumari, mmenigusa mimi!"

Alikuwa Pacha. Huyu si pacha wa tumbo, ni pacha wa kitanda cha ghorofa. Katika shule moja ya wasichana, bweni la saba, mmoja alilala juu na mwingine chini miaka yote, wakatumia sanduku moja la bati, kufuli moja, na sabuni moja iliyokatwa kwa uzi. Ofisini viti vyao vimepeana migongo. Mtoto wa Msumari akianza kilio, baba yake humbembeleza, bibi yake humwimbia, jirani hugonga ukuta. Ni Pacha pekee anayemnyamazisha.

"Nani amekugusa wewe?" aliuliza Mzee Fupisha.

"Nasema tu! Na mimi nawaambia bure, ni yule Bwana Ubishi. Aliacha kazi hapa akiapa kwamba mtamkumbuka."

"Ubishi hana muhuri."

"Aliuiba!"

"Pacha," Msumari alisema polepole, "Ubishi aliondoka kabla hatujaanza kutumia muhuri."

Pacha akamgeukia, mikono kiunoni. "Shoga, mimi nakutobolea ukuta utoke, wewe unaleta saruji!"

Hata Mzee Fupisha alikaribia kutabasamu. Akajikumbuka. "Mpaka mchana," akasema, akaenda zake.

Msumari akabaki na kioo chake. Aliamua kufanya jambo ambalo wenzake wote walikuwa wameogopa kulifanya tangu asubuhi: kukifungua kifurushi chenyewe. Ukikiwasha, kinauma. Ukikipasua kwa mkono bila kukiwasha, ni maandishi tu, yamelala kama nyoka ndani ya chupa ya maabara.

Akakipasua. Akaanza kusoma.

Kilichomshtua kwanza ni kwamba kazi ilikuwa nzuri. Hapakuwa na mstari wa ziada. Kila kitu kilikuwa na jina lake na mahali pake, kama kitanda kilichotandikwa siku ya ukaguzi. Mwizi huyu ana adabu, alijisemea.

Akateremka zaidi. Mwishoni kabisa akakuta kitu ambacho hakikupaswa kuwepo.

Jaribio.

Mwizi gani anaacha jaribio? Kuna sheria moja ambayo Msumari aliwafundisha vijana wake mpaka wakaikariri usingizini: kifurushi hakitoki nje bila jaribio. Yaani unaandika kipande kidogo cha pembeni, unamweka mgonjwa wa uongo, unatazama kama mambo yanakwenda. Na mwizi huyu, kabla ya kuiba wagonjwa wa kweli, alikuwa ameujaribu wizi wake kwa mgonjwa wa uongo, kwa heshima zote!

Msumari akalifungua jaribio. Likasema hivi:

Mgonjwa: Matroni Filimbi. Umri: miaka mia mbili. Ugonjwa: kelele.

Msumari alicheka. Kicheko kilimtoka chenyewe, kama chafya.

Kisha akalisoma jina tena.

Matroni Filimbi alikuwa mtu wa kweli. Alikuwa mama mnene wa bweni la saba, mwenye filimbi ya chuma iliyowaamsha wasichana kabla hata jogoo hajavaa viatu. Asubuhi moja alipuliza, na badala ya mlio yakatoka mapovu. Mtu alikuwa ameijaza sabuni. Aliyejaza alikuwa Pacha. Aliyeshika tochi alikuwa Msumari. Waling'olewa wote wawili mstarini kwa kushukiwa, wakafyeka majani wiki nzima mpaka viganja vikatoa malengelenge, na kila mmoja alipoitwa peke yake ofisini, hakuna aliyemtaja mwenzake. Hicho ndicho kiapo chao. Hawakukitamka, walikifyeka.

Na tangu waanze kazi hii, wawili hao humlaza Matroni Filimbi hospitalini kila wanapohitaji mgonjwa wa uongo. Ni utani wao. Kwa imani yao, hakuna mtu mwingine duniani anayejua kwamba anaugua kelele.

Msumari hakuwa ameandika mstari ule. Basi hesabu iliyobaki haihitaji kalamu.

"Shoga, maji."

Pacha alikuwa begani kwake, bilauri mkononi. Msumari akabonyeza, kioo kikazimika.

"Umepata kitu?"

"Bado."

"Kunywa. Usipokunywa maziwa yatakauka."

Akanywa.

"Twende ngazini," akasema.

Ngazi za jengo lile zinanuka gundi ya vioo, na chini mafundi walikuwa wanakata kioo. Kila baada ya muda kilisikika kile kilio chembamba cha almasi ikikwaruza. Msumari alisimama kipandio cha juu. Pacha cha chini. Kama kitanda.

"Nilipokwenda kujifungua," Msumari alianza, "nilikuachia neno la siri la muhuri."

"Ndiyo. Ili kazi isilale."

"Nimempa nani mwingine?"

"Sasa mimi nitajuaje? Wewe si unapenda kuongea usingizini."

"Pacha."

"Labda wamekuingilia kompyuta. Siku hizi watu wabaya, shoga, hata..."

"Matroni Filimbi amelazwa."

Chini kioo kililia.

"Amelazwa wapi?" Pacha aliuliza, sauti imepungua nusu.

"Ndani ya namba mia tisa. Umri mia mbili. Ugonjwa kelele."

Pacha alitazama ukuta. Halafu akafanya jambo ambalo Msumari hatalisahau hata akizeeka asahau jina lake. Alitabasamu kidogo, kama mwanafunzi aliyekamatwa na jibu sahihi.

"Si ulisema mwenyewe kifurushi hakitoki bila jaribio."

Kofi lilitaka kwenda. Msumari akalikamata njiani, akalirudisha mfukoni.

"Kwa nini?"

"Nikuulize mimi kwanza. Bweni-la-saba aliiandika nani?"

"Wewe."

"Herufi ya kwanza mpaka ya mwisho?"

"Wewe, Pacha."

"Siku hospitali ilipotupigia makofi, nani alisimama?"

"Mimi. Mimi ndiye fundi mkuu, walini..."

"Ulinitaja?"

"Nilisema, naishukuru timu yangu."

"Timu!" Pacha akacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa na maji ndani. "Nimelala chini yako miaka yote ile nikipokea vumbi la godoro lako, leo mimi ni timu? Nilipika kazi, ukaipakua wewe. Sikusema. Nikapiga makofi kama wengine. Nilipiga kwa nguvu mpaka ukanitazama ukatabasamu. Unakumbuka?"

Alikumbuka. Lililomuuma ni kwamba aliitazama siku ile kama siku njema.

"Halafu akaja mtu," Pacha aliendelea. "Akaniambia anachunguza usalama wa programu za hospitali. Akasema Mpagazi wetu anadanganyika kwa namba kubwa, na atakayeonyesha tundu hilo kwa vitendo, jina lake litasomwa mbele ya wakubwa. Jina langu. Si la timu. Akanipa anwani ya kupelekea majina ya wagonjwa, akasema ni ya kujaribia tu, na kitu chenyewe kitakaa sokoni siku moja."

"Ukaamini."

"Niliamini kwa sababu nilitaka. Kesho yake nikaenda kukiondoa. Akaniambia nikigusa, atanitaja."

"Na fundi saa?"

Hapo Pacha akaketi kwenye kipandio kama mzigo uliokatika kamba. Akaziba uso. Mabega yakaanza kupanda na kushuka, na safari hii hakukuwa na mchezo.

"Sikujua kama kuna mtu atakunywa," alisema ndani ya viganja. "Msu, wallahi sikujua."

"Ni nani huyo mtu?"

"Nitamtaja ndani. Mbele ya wote, mara moja tu. Nikimtaja hapa nguvu zitaniishia."

"Basi naingia na jaribio mkononi, nawaonyesha..."

"Usinichongee!" Pacha akamshika pindo la gauni. "Niache nijiseme mwenyewe. Mtu anayejisema hatazamwi kama mwizi. Nakuomba, dada. Mimi na wewe hatujawahi kuchongeana."

Chini walikuwa wanapita na kioo kikubwa, na picha ya ngazi nzima ilipita ndani yake: mwanamke mmoja amesimama, mwingine ameshika nguo yake.

"Utasema?"

"Nitasema."

"Naenda rumande usiposema. Mwanangu..."

"Mwanao ni wangu. Nitasema."

Msumari akamwinua. Akamfuta uso kwa upindo wa kitenge chake. Ndugu wasomaji, mnaweza kupiga kelele mpaka jirani aje na ndoo ya maji, hasikii. Mtu aliyewahi kufyeka majani kwa ajili yako ni vigumu kumwona na panga.

Chumba cha mkutano cha Mzee Fupisha ni chembamba kama bahasha. Kina meza moja, viti vya kutosha kugombana, na mlango wenye ufunguo upande wa ndani, ambao ukiegemea kiti vibaya unaugonga kwa kisogo. Mganga mkuu alikuwa ameshafika, mwanamume mrefu mwenye macho ya mtu asiyelala. Kando yake afisa wa polisi, mama wa makamo, ameweka kofia yake mezani kwa uangalifu kama mtu anayeweka keki.

"Mzee wetu hajazinduka," mganga mkuu alisema kabla ya salamu. "Mkewe ameketi pale kitandani ana saa yake mkononi, anaitia ufunguo. Kila nikipita ananiuliza nani alitoa namba yao ya simu. Leo nataka kurudi na jibu."

"Utarudi nalo," alisema Mzee Fupisha. "Nitafupisha."

"Usifupishe," alisema afisa. "Nani mwenye muhuri?"

"Mimi," alisema Msumari.

"Wewe ndiye uliyekipandisha kifurushi?"

"Hapana, afande."

Akasubiri. Huu ndio ulikuwa mlango wa Pacha. Pacha alikuwa anachunguza ukingo wa meza kana kwamba ameagizwa aununue.

Msumari akamgusa mguu kwa chini. Hola.

Akamgusa tena, kwa nguvu.

"Aliyenipiga teke ni nani?" aliuliza mganga mkuu.

"Samahani, daktari."

"Turudi kwenye muhuri," alisema afisa. "Neno la siri unalijua wewe peke yako?"

Sasa ikawa ama kusema ama kuzama. "Nilimwachia mtu mmoja nilipokwenda kujifungua."

Mzee Fupisha aliruka kitini kama aliyekalia msumari wa kweli. "Ulimwachia! Asubuhi nilikuuliza! Nilikuuliza nikiwa nimesimama kwa miguu yangu hii, ukaniambia hakuna!"

"Nilikosea, bosi."

"Ulidanganya. Kukosea ni kumwaga chai."

"Ndani ya kifurushi kuna jaribio," Msumari alisema haraka, maana aliona shuka linateleza kitandani. Ahadi ya ngazini aliiona, akairuka. "Lina jina ambalo halijulikani na mwizi wa mbali. Ni la mtu wa humu. Tazameni."

Akaigeuza kompyuta. Afisa akasoma kwa sauti, neno kwa neno, kama anayesoma hati ya mashtaka: "Matroni Filimbi. Miaka mia mbili. Kelele."

Mzee Fupisha akasema polepole, na polepole ya mtu yule inatisha kuliko makelele yake:

"Matroni Filimbi? Huyo si mgonjwa wako, Msumari? Yumo kwenye kila kazi yako. Mwaka mzima mimi nilidhani ni shangazi yako."

Masikini Msumari! Alichimba shimo kwa mikono yake, akalipima, na likamtosha. Pacha alikuwa akiandika kazi kimyakimya, naye Msumari ndiye aliyezisimamia mbele ya wakubwa. Basi kila Matroni Filimbi aliyewahi kulazwa katika ofisi ile, machoni pa bosi, alilazwa na Msumari.

"Si mimi," alisema. Hata yeye alisikia jinsi maneno yale yalivyokonda.

"Muhuri wako," afisa alihesabu kwa vidole, "neno lako la siri, mgonjwa wako. Nisaidie, mama. Kilicho cha mtu mwingine hapa ni kipi?"

Msumari akageuka. Hakumgusa mguu tena. Alimwita tu, kwa sauti ile ya chini ya blanketi.

"Pacha. Sema."

Pacha akasimama.

Alikuwa analia. Machozi ya kweli, yale yanayotoka na kamasi, yasiyojali nani anatazama. Mganga mkuu akashusha macho kwa adabu.

"Ni kweli," Pacha alisema. "Kifurushi nilikipandisha mimi."

Pumzi iliyomtoka Msumari ingeweza kuzima mshumaa wa jirani. Asante, alijisemea. Asante, dada yangu. Kwenye kifua chake maziwa yalianza kuvuja, kama mwili ulikuwa umeshafika nyumbani kabla yake.

"Kwa amri ya nani?" aliuliza afisa.

Pacha akainua uso. Macho yake yakazunguka meza: mganga mkuu, afisa, Mzee Fupisha. Yakasimama mahali kwa kitambo kidogo sana. Midomo ikafunguka kutaja.

Halafu rangi ikamtoka. Macho yakarudi haraka, yakatua kwa Msumari.

"Yeye," akasema, na kidole kikafuata. "Yeye ndiye aliyenituma. Alinipa neno la siri, akaniambia nikipandishe, tutagawana sifa. Nilikataa, akanilazimisha. Ni mkubwa wangu wa kazi. Ningefanya nini?"

Mafundi vioo huko chini walikuwa wamenyamaza, kana kwamba wanasikiliza.

Msumari hakupiga kelele. Watu hudhani usaliti unakuja na ngurumo. Kumbe unakuja na sauti unayoijua kuliko zote, ile inayombembeleza mwanao alale. Aliwaza jambo moja tu la kipuuzi: kwamba siku ile ofisini kwa mwalimu mkuu, alipoitwa peke yake akakaza mdomo, labda mwenzake alipoitwa hakukaza. Hakuwahi kuuliza. Alidhani hakuna haja.

"Simama, mama," afisa alimwambia, akavaa kofia yake. "Tutapita kwako umchukue mtoto. Siwezi kumwacha na njaa."

"Mtoto atabaki kwangu," alisema Pacha.

"Hatabaki kwako!" Sasa Msumari alipiga kelele, na bilauri mezani ikalia. "Usimguse! Ukimgusa tena mwanangu..."

Pacha alikuwa ameshaizunguka meza. Akamrukia, akamkumbatia kwa mikono yote miwili kwa nguvu ya mtu anayezama, akaangua kilio kikubwa cha msibani mpaka Mzee Fupisha akageuza uso.

"Waacheni waagane," mtu alisema.

Msumari alimsukuma. Hakusukumika. Uso wake ulikuwa umezamishwa kwenye bega la Pacha, haoni kitu ila kitambaa kilicholowa. Ndipo, katikati ya kile kilio, mdomo ukagusa sikio lake na mnong'ono ukapita, mkavu, usio na chozi hata moja.

"Usibishe. Toka humu haraka. Yule mtu yumo humu chumbani, ameniangalia."

Msumari akaacha kumsukuma.

Huyu ni mtu aliyemdanganya kwa miezi, akamdanganya asubuhi kwa jina la Bwana Ubishi, akamdanganya ngazini kwa machozi, na sasa hivi mbele ya polisi. Na maneno yake ya mwisho yalikuwa haya. Ukisalitiwa na mtu kutoka utosini hadi unyayoni, utamwamini sikioni?

"Nani?" Msumari alinong'ona.

Pacha alivuta pumzi ya kujibu.

Nyuma yao, ufunguo ukazunguka mlangoni. Ulizunguka taratibu, kwa ndani.

Msumari alijinasua, akainua uso. Mganga mkuu, afisa na Mzee Fupisha walikuwa wameketi wote watatu, mikono juu ya meza, wanamtazama. Na mlangoni, ambako mkono wa yeyote kati yao ungefika bila kuinuka, pale palipokuwa na ufunguo palikuwa na tundu tupu.